Sura ya Tisa: Mlango Uliokuja na Nyumba

Mama Pampu alikataa chai, akakataa kiti chenye mto, na akakataa kuitwa mtuhumiwa.

"Niite fundi," alisema. "Ukitaka kuniita jina jingine, ngoja hakimu aniite kwanza."

Inspekta, ambaye kituo kizima kilimwita Kisiki kwa sababu hakuna aliyewahi kumng'oa mahali alipoketi, hakubishana naye. Alivuta kigoda kilichokuwa pembeni, akakaa, wakawa macho kwa macho.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki iliyopita, mchana kweupe, lango la bwawa linaloupa mji maji lilifunguka na hakuna mtu aliyekuwa karibu nalo. Maji yalishuka bondeni kama ng'ombe waliovunja zizi. Yalibomoa kuta, yakabeba vyombo vya watu, yakamkuta dobi mmoja akianika mashuka ya wateja. Dobi alipatikana chini ya daraja, shuka moja bado limemzunguka mkononi. Amri ya kufungua lango ilikuwa imetumwa kwa kompyuta, kutoka mbali, kwa jina na neno la siri la fundi mkuu wa mitambo wa Idara ya Maji. Fundi huyo ndiye Mama Pampu. Alikamatwa akiwa bado na grisi kwenye kucha, na alasiri ya leo jalada lake lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka. Shitaka: kuua bila kukusudia.

Kisiki alifunua karatasi mezani. Ilikuwa nakala ya maneno ambayo mashine ya lango ilipokea siku ile. Ililetwa kituoni na mkuu wa kompyuta wa Idara, kijana mtanashati ambaye wenzake walimwita Bwana Tahadhari. Alipoileta aliweka kidole juu ya neno moja, akasema, "Tazama, Inspekta. Ameanza na hodi, kama kawaida yake." Sajini aliandika hivyo hivyo kwenye jalada: alama ya mshitakiwa.

"Soma hapa," Kisiki alisema.

"Jina langu. Sawa. Neno langu la siri limefichwa kwa nyota. Sawa." Kidole chake kilishuka, kikasimama. "Hodi."

Uso wake ulibadilika. Alionekana kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu akiwa ndani.

"Hii mmeipata wapi?"

"Kwenye lango."

"Lango haliwezi kuwa na hodi yangu. Hodi yangu ni ya Bibi."

"Bibi ni nani?"

"Pampu ya kwanza, ile kongwe. Ilifungwa pale kabla mimi sijavunja ungo. Bibi analala, Inspekta. Ukimtumia amri, herufi za kwanza anazimeza kwa usingizi. Unamwambia 'zima', anasikia 'ma'. Sasa lazima umtumie kwanza neno lolote la kumshtua. Mwingine angetuma nukta. Mimi namtumia hodi. Mtu mzima haingiliwi hivi hivi."

"Anakujibu?"

"Analalamika kwamba hajaelewa. Ndiyo karibu yake hiyo."

Sajini, mwanamke mnene aliyesimama mlangoni akitafuna karanga, alichekea puani. Kisiki hakucheka.

"Nani anajua kwamba unapiga hodi?"

"Nani ajue? Unataka nikamwambie nani kwamba mimi, mama wa watoto wanne, mwenye cheti kimetundikwa ukutani, naipigia pampu hodi? Mume wangu hajui. Angejua angenicheka mpaka kaburini kwangu."

"Msaidizi wako?"

"Yuko likizo ya uzazi. Na hodi yenyewe haisemwi, inaandikwa. Nakaa peke yangu kwenye kile chumba, kelele ya mitambo imejaa masikioni, naandika. Basi."

"Na lango?"

"Lango ni jipya. Nimelifunga kwa mikono hii. Lenyewe halilali. Ukilitumia neno lisilolijua, linahesabu kosa. Yakifika makosa matatu linajifungia, mpaka uende mwenyewe kwa miguu ukaliombe msamaha. Nani atapoteza kosa zima kwa ajili ya adabu?" Aliisukuma karatasi. "Na hebu tazama hapa chini. Kafungua robo! Bwawa limejaa pomoni, mtu anafungua robo! Robo ni mto huo, Inspekta. Mimi bwawa likijaa hufungua upana wa kidole, na bado nasimama pale nikiomba Mungu."

Kisiki alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Leo alasiri wanataka jalada," alisema.

"Wapelekee. Lakini mimi sisaini kitu. Wakitaka kidole gumba changu, waje na shoka."

*

Chumba cha pampu kilikuwa chini ya ardhi, kina harufu ya mafuta na chuma chenye kutu. Kelele yake ilikuwa ya kuondoa mtu akili. Kwenye meza ndogo palikuwa na kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama redio ya sebuleni kwa mtu.

Kisiki hakuwa mtaalamu wa vitu hivyo, ila alikuwa na desturi ya kutokubali jambo kabla hajalishika. Mafundi wa zamu walimwonyesha njia ya kumfikia Bibi. Kulikuwa na programu moja tu ambayo Bibi aliielewa, nayo ni ile iitwayo telneti, chombo cha kale cha kuingilia mashine iliyo mbali. Hakuna aliyekumbuka nani aliileta. Ilikuja ndani ya mfumo endeshi wa kila kompyuta waliyonunua, kama vile nyumba inavyokuja na mlango wa uani. Mafundi waliiita Babu.

"Kwa hiyo Babu anaongea na Bibi," Sajini alisema kwa sauti ya juu ili asikike. "Basi hapa pana ndoa, afande, hapana uhalifu."

"Andika 'hali' bila kupiga hodi," Kisiki aliagiza.

Sajini aliandika. Bibi alijibu kwamba haijui amri 'li'.

"Sasa piga hodi."

Bibi alilalamika kwamba hakuelewa. Sajini akaandika tena 'hali', na safari hii namba za joto na mgandamizo zikamiminika kwenye kioo.

Wakapanda juu, mpaka kibanda cha lango. Nyaya za injini ya lango zilikuwa zimekatwa na kutiwa lakiri ya polisi, ila mashine yenyewe bado ilikuwa inafanya kazi. Fundi wa zamu aliwatengenezea jina jipya la kuingilia kwa ajili ya majaribio. Sajini akaingia kwa Babu, akaandika amri bila salamu yoyote. Lango likaipokea palepale. Akatoka, akaingia upya, akapiga hodi. Kwenye kioo kidogo cha ukutani, ambacho mtu aliye mbali hawezi kukiona, taa nyekundu ikawaka: kosa la kwanza.

"Mama hakudanganya," Sajini alisema.

"Mama hakudanganya kuhusu mashine. Watu wangapi wamenyongwa huku mashine zao zikiwa sawasawa?" Kisiki alikuwa anatazama chini bondeni, ambako watu walikuwa wakichomoa mabati kwenye tope. "Aliyepiga hodi hapa aliona hodi mahali pengine, akadhani ni sehemu ya ufunguo. Kumbukumbu za lango zinasema amri ilitoka kompyuta gani?"

"Ile ya ukumbi wa mikutano. Na aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi siku ile ni Mkurugenzi. Alikuwa anaandaa kikao cha bodi."

"Mkurugenzi anajua kutumia Babu?"

"Afande, Mkurugenzi barua pepe zake huchapwa na katibu wake. Anazisoma kwenye karatasi akiwa amevaa miwani mbili."

"Lakini ndiye aliyekataa Babu aondolewe. Mara mbili nimesikia hivyo. Twende tukamsikie mwenyewe."

*

Mkurugenzi wa Idara ya Maji alikuwa mtu wa mwili na wa maneno. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawaketisha kwenye makochi yaliyokuwa bado yamevalishwa nailoni. Bwana Tahadhari alikuwa ameshafika. Alisimama dirishani, shati limenyooshwa kiasi cha kukata mtu, funguo za kila chumba chenye kompyuta zikining'inia shingoni.

"Ndugu yangu Inspekta," Mkurugenzi alianza, "jambo hili limetuvunja moyo sote. Mama yule nimemlea kikazi. Lakini neno la siri ni lake, na hodi ni yake. Tufanyeje?"

"Naambiwa kuna chombo kinaitwa Babu."

Mkurugenzi alicheka. "Ala! Hata Babu mmemkamata?"

"Naambiwa uliombwa umwondoe, ukakataa."

"Nilikataa, ndiyo, na nakataa mpaka leo. Kwa nini nimwondoe? Hatukumleta sisi. Amekuja na mfumo. Waliotengeneza mfumo ni watu wenye akili zao, kama ana ubaya wangemtoa wao. Unanunua nyumba ina mlango wa uani, unaubomoa? Nikimwondoa Babu, pampu ya kwanza inakuwa bubu, na nusu ya mji inakosa maji. Mzee wa watu hana kosa. Kosa ni la mtu anayemtumia vibaya. Kisu kikimkata mtu, utakishitaki kisu?"

"Nitamshitaki anayekiacha kwenye kitanda cha mtoto," Bwana Tahadhari alisema bila kugeuka.

"Umeanza."

"Sijaanza leo, Mkurugenzi. Nimeanza tangu siku niliyoajiriwa." Sasa aligeuka. "Waliotengeneza mfumo wanamwacha Babu kwa sababu moja tu: wanaogopa wateja kama wewe watalalamika. Na wewe unamwacha kwa sababu wao wamemwacha. Kila mtu anamwonyesha mwenzake kidole, na mlango uko wazi. Mlango wa uani usiotumika hutiwa tofali. Na unaotumika hutiwa kufuli na mlinzi. Bibi yule mmoja angewekewa waya wake pembeni, Babu akabaki huko huko pamoja naye. Lakini hapa Babu yuko kila mashine, hata ya mpishi wa kantini!"

"Ubaya wake hasa ni nini?" Kisiki aliuliza. "Nieleze kama unamweleza mtu wa shule ya jioni. Ndiko nilikosoma."

"Hajui kunong'ona," Tahadhari alisema. "Hicho ndicho kilema chake. Vyombo vya siku hizi vikibeba neno la siri, vinalifunga kwa lugha isiyosikika na mtu wa kati. Babu anabeba kila herufi wazi wazi, anapita akipiga kelele barabara nzima. Yeyote aliyekaa kwenye waya anasikia."

"Siamini."

Neno hilo lilimchoma kijana. Alifungua kompyuta yake ya kupakata, akaichomeka ukutani, akampeleka Sajini kwenye kompyuta ya Mkurugenzi. "Ingia kwa Babu kwenye mashine yoyote. Andika unachotaka. Sitaangalia."

Sajini aliandika, kioo chake kimempa Tahadhari mgongo. Kwenye kompyuta ya kijana herufi zilianza kuanguka moja moja, kama matone ya bomba bovu. Tahadhari akasoma kwa sauti: "Mkurugenzi ana miwani mbili na haoni."

Mkurugenzi alimtazama Sajini. Sajini alitazama dari.

"Mmeona?" Tahadhari alisema, na uso wake ulikuwa uking'aa kama wa bwana harusi. "Hata akikosea akafuta, nasikia akifuta."

"Nimeona," Kisiki alisema. "Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye waya angeweza kulipata neno la siri la fundi mkuu."

Tahadhari alifunga kompyuta polepole.

"Angeweza," alisema. "Yeyote. Ndiyo hatari yenyewe. Lakini waya hausikilizwi na mtu asiyejua, na ushahidi unaonyesha ni yeye."

"Ushahidi gani? Hodi? Hodi ni ushirikina tu wa mama mtu mzima. Katumia hapa, kaacha pale. Mimi nitaiondoa kwenye jalada, haina maana."

"Si ushirikina, Inspekta." Tahadhari alitabasamu, tabasamu la mwalimu kwa mwanafunzi mzito. "Ni neno la kuamsha. Bila hodi mashine haipokei amri. Yeye hulituma kila mara."

"Bila hodi lango halifunguki?"

"Halifunguki."

"Linafunguka," Kisiki alisema. "Asubuhi hii limepokea amri ya Sajini bila hata kusalimiwa. Pampu kongwe ndiyo inayolala. Lango halilali. Mwenye mitambo anajua, na mafundi wote wa zamu wanajua. Mtu pekee asiyejua ni yule ambaye hajawahi kushika mtambo, ila amekaa kwenye waya akimsikia mama akimwamsha Bibi, siku baada ya siku."

"Kila mtu hapa anajua kwamba huwa anapiga hodi."

"Hakuna anayejua. Nimewauliza mafundi, wamecheka mpaka wakashika mbavu, ndiyo kwanza walikuwa wanasikia. Pampu haitunzi kumbukumbu. Lango limetunza hodi moja tu, ya siku ile. Ukiona jambo mara moja huwezi kuliita kawaida. Lakini siku uliponiletea karatasi, kabla mama hajafungua mdomo, uliniambia: 'Kama kawaida yake.' Nikuulize, mwanangu. Kawaida hiyo uliisikia ukiwa wapi?"

Mkurugenzi alikuwa ameinuka nusu, nailoni imemgandia suruali.

Bwana Tahadhari hakukimbia, wala hakulia. Alivua funguo shingoni, akaziweka mezani moja kwa moja mbele ya Mkurugenzi.

"Nilimwandikia huyu," alisema. "Nikamwandikia tena. Nikaomba dakika chache kwenye bodi, wakaniweka baada ya chakula, wakasinzia. Waliniita Tahadhari, jina la kunicheka. Nikasema basi, hawa hawasikii mpaka waone. Nitafungua lango kidogo, maji yaingie mfereji wa zamani, halafu nitasimama mbele ya bodi alasiri hiyo hiyo niwaambie: nimefungua mimi, kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu Babu wenu alinipa. Robo tu! Nilidhani robo ni kidogo!"

"Na ulipoambiwa dobi amekufa?"

"Nilikuwa sahihi, Inspekta. Nakuambia mpaka kesho, mbele ya hakimu nitasema: nilikuwa sahihi. Ule mlango ulitakiwa kufungwa."

"Ulikuwa sahihi," Kisiki alisema, "ndiyo maana nakasirika. Ungesimama jioni ile ukasema ni mimi, ningekufunga pingu huku nimekuvulia kofia. Lakini uliijua kweli, ukaifungia mdomo, ukamwacha mama wa watu alale sakafuni kwa kosa lako. Babu hajui kunong'ona. Wewe ulijua, na ukanong'ona mahali pa kupiga kelele."

Sajini alitoa pingu. Kijana alinyoosha mikono bila kuambiwa, kidevu juu.

*

Kijana alipotolewa nje, Mkurugenzi alifunga mlango na kushusha sauti.

"Mungu mkubwa. Nyoka kumbe alikuwa ndani ya nyumba. Sasa ndugu yangu, tumalize vizuri. Jalada liseme kijana mmoja mwenye chuki, basi. Hii habari ya Babu usiiingize. Mashine za namna yetu ziko hospitali, ziko kwenye umeme, ziko kila mahali. Ukiandika kwamba chombo kilichokuja na mfumo kinamwaga siri za watu, utatia mji hofu bure."

"Hofu bure ni ile isiyo na sababu."

"Nimeshaongea na bosi wako. Anasema andika kwa ufupi."

"Mwambie nitaandika kwa urefu. Tena kwa maandishi makubwa, kwa ajili ya wenye miwani mbili."

Mkurugenzi alikunja uso. "Unakaribia kustaafu, mzee. Usijitie kwenye maji usiyojua kina chake."

"Kina chake nimekiona chini ya daraja," Kisiki alisema, akachukua kofia yake.

Simu ya bosi ilimkuta kwenye ngazi. Kisiki alisikiliza, akasema "ndiyo afande" palipohitajika, na "hapana afande" palipohitajika zaidi. Bosi alisema kijana amekiri, vizuri, mama aachiwe, lakini kuna karatasi ya wakili wa Idara lazima asaini kwanza. Asiposaini, atalala ndani mpaka wakubwa watakapokaa.

*

Karatasi ilikuwa mezani Kisiki alipofika kituoni, na Mama Pampu alikuwa ameshaisoma. Alikuwa ameikalia.

"Sijaichana," alisema. "Nimeona niipe heshima inayoistahili."

"Nimemkamata aliyefungua lango."

"Sajini kaniambia. Yule mtoto! Na juzi juzi kanisaidia kubeba betri." Alitikisa kichwa, kisha akaitoa karatasi chini yake na kuisoma kama anasoma tangazo la msiba wa jirani mbaya. "'Nakiri kwamba nilizembea katika kutunza neno langu la siri.' Nilizembea! Inspekta, lile neno sijamwambia mtu. Mume wangu akiniuliza namba ya simu yangu ya zamani simpi, sembuse neno la kazi? Nililitia kwenye mlango walionipa. Walisema fundi, mlango wa kuingilia ni huu, na hakuna mwingine. Mlango ukalitangaza barabarani. Sasa mimi nimezembea nini?"

"Ukisaini, unatoka sasa hivi. Mumeo na watoto wako nje."

"Nimewasikia. Mdogo analia."

"Usiposaini, sijui lini."

"Wewe ungesaini?"

Kisiki alivua kofia, akaiweka mezani.

"Nikisaini, nitatoka kwa miguu yangu, ndiyo," Mama Pampu alisema. "Lakini kila nikipita bondeni watasema yule ndiye mzembe aliyemuua dobi wetu. Mjane wake anafua nguo za mwanangu wa pili. Nitampelekea nguo kwa uso upi? Kisha Babu wataniachia humo humo kwenye mashine, kwa sababu kosa litakuwa limeshapata mwenyewe. Hapana. Waambie wapike chakula cha jioni, nipo."

Akakunja mikono.

Kisiki aliichukua karatasi. Aliilaza mezani, akaipapasa inyooke, akatoa kalamu. Alilikata jina la Mama Pampu kwa mstari mmoja mnene, akaukata na ule mstari wa kukiri, kisha akageuza upande wa pili uliokuwa mweupe. Akaanza kuandika. Sajini alikuja akasimama nyuma yake, ameacha kutafuna.

"Afande," alisema taratibu, "hiyo ni karatasi ya Idara."

"Ilikuwa."

"Bosi atakung'oa."

"Na aje na jembe."

Aliandika taratibu, herufi za mtu aliyejifunza kuandika akiwa tayari ana ndevu, na hakuruka kitu. Aliandika kuhusu kijana na waya wake. Aliandika kuhusu dobi. Aliandika kwamba neno la siri la fundi halikutoka mdomoni mwa fundi, bali lilibebwa wazi na chombo kilichokuja na mfumo endeshi, chombo ambacho muda wake umepita na ambacho hakuna mtu mwenye mamlaka aliyekiondoa, si waliokitengeneza, wala Mkurugenzi wa Idara. Chini akaweka jina lake lote, cheo chake, na saini. Kisha akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Hii si ya wewe kusaini," alisema. "Hii ni ushahidi wangu, na inaingia kwenye jalada hivi ilivyo, karatasi yao mgongoni. Kwa ushahidi huu huna kesi. Mtu asiye na kesi simlazi ndani, bosi apende asipende. Anayetaka kukuita mzembe aanze kwangu. Isome uone kama nimekosea."

Mama Pampu alisoma. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma namba za mgandamizo. Nje sauti ya mtoto ilipanda, ikabembelezwa, ikashuka. Alifika karibu na mwisho, kidole kikasimama.

"Hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika kwamba Mkurugenzi alionywa, akasahau kukiondoa." Alimtazama usoni. "Hakusahau. Alikataa."

Kisiki aliivuta karatasi kwake. Akakata 'akasahau', na juu yake akaandika 'akakataa', akaweka herufi za kwanza za jina lake pembeni ili mtu asije akasema limechomekwa baadaye.

Mama Pampu alilitazama lile neno mpaka wino ulipokauka. Ndipo alipoinama chini ya meza kutafuta viatu vyake.